Mrejesho: Kasuku wangu wa Uyole

Wakuu, ni mimi niliyeuliza kuhusu kasuku wa kijivu anayenyonyoka manyoya, wengi mkasema ni baridi ya huku Uyole, Mbeya tu. Siyo baridi. Daktari wa mifugo alinyofoa manyoya mawili machanga, yale yenye damu kwenye shina, akachukua na tone la damu, vikapelekwa kupimwa PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya virusi. Majibu: virusi vya sirko, ugonjwa wa mdomo na manyoya. Hauna dawa, ila hauambukizi binadamu. Kumbe ule mdomo mweusi unaong'aa, niliokuwa nausifia kwa wageni, unang'aa kwa sababu ile poda ya manyoya, vumbi jeupe linalofunika mdomo wa kasuku mwenye afya, imemwishia! Mwenzake hana virusi. Nimemhamishia chumba kingine, atapimwa tena baada ya siku 90. Tundu nimeliondoa chini ya mparachichi, maana kasuku wa porini hutua pale, asije akawaambukiza.