Tupeane uzoefu: Ulijuaje kwamba umeishiwa nguvu, na ulizirudishaje?

Ndugu zangu, nimeanzisha mada hii kwa sababu ya swali aliloniuliza mwanangu wa miaka minane mwezi uliopita: "Mama, mbona siku hizi unaninyamazisha kabla sijamaliza kusema?" Sikuwa na jibu, kwani mimi nilikuwa nikijiona mzima kabisa. Niliamka kwa wakati, nilifika kazini, na hakuna kazi yangu iliyochelewa. Nilipokaa nikafikiri ndipo nilipokumbuka kwamba kwa wiki kadhaa nilikuwa nikisoma barua moja mara tatu bila kuielewa, nikiacha simu za marafiki ziite hadi zikatike, na nikiingia kitandani nikiwa hoi lakini usingizi hauji. Mtoto aliona yote hayo, na mimi mwenye mwili nikawa wa mwisho kupata habari.

Kilichonisaidia ni kuacha kujibu ujumbe wa kazi baada ya saa moja jioni. Nakiri kwamba wiki ya kwanza nilichoka zaidi kuliko mwanzo, kana kwamba mwili ulikuwa ukingoja ruhusa tu ya kuanguka, na nusura nikate tamaa. Nafuu ilianza kuonekana wiki ya tatu.

Naomba kila mchangiaji atueleze dalili yake ya kwanza, hasa ile aliyoipuuza, kisha jambo alilolifanya au kuliacha ambalo kweli lilimrudishia nguvu.

Mchangiaji wa kwanza, mwalimu wa sekondari

Dalili yangu haikuwa mwilini. Nilianza kuwacheka wanafunzi kwa makosa yao nikiwa na walimu wenzangu, jambo ambalo kwa miaka kumi na miwili ya kazi sikuwahi kulifanya, na kila kengele ilipolia nilihisi naingia darasani kukabiliana na maadui. Niliita hali hiyo ukomavu. Baadaye nilisoma kwamba Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la uainishaji wake wa magonjwa, ambalo nchi wanachama ziliidhinisha mwaka 2019, linaeleza uchovu wa kazi kwa mambo matatu yanayokwenda pamoja: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kwa hisia za dharau au chuki, na kuona kwamba unachokifanya hakina tija. Shirika hilo haliuhesabu kuwa ugonjwa, bali ni hali inayotokana na msongo wa kazini uliodumu bila kudhibitiwa. Nilikuwa na yote matatu, ila nilikuwa nikilitambua lile la kwanza tu.

Nilichukua likizo ya wiki nne, nikalala, nikatembea, nikarudi nikiwa mtu mwingine. Siku ya tatu kazini nilikuwa palepale nilipoachia. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba likizo ilinipumzisha mimi, lakini mzigo wenyewe ulikuwa umekaa mlangoni ukinisubiri ukiwa na uzito uleule. Nilikuwa mkuu wa idara, mjumbe wa kamati ya mitihani, msimamizi wa nidhamu, na bado nilikuwa na vipindi kamili. Niliandika majukumu yote kwenye karatasi moja, nikampelekea mkuu wangu, nikamwomba anichagulie mawili ya kuondoa. Sikumwambia kwamba nimechoka, kwa kuwa neno hilo kila mtu hulisema kila siku. Karatasi ndiyo iliyosema. Aliondoa moja, na hilo moja lilitosha kunipa jioni tatu kwa wiki.

Mchangiaji wa pili, muuguzi wa zamu za usiku

Dada uliyeanzisha mada, pole. Kwangu mimi lilikuwa suala la usingizi mtupu. Asubuhi moja nikiendesha gari kurudi nyumbani, nilishtuka nikiwa nimepita njia panda ninayoifahamu vizuri, na sikukumbuka hata kidogo nilivyoipita. Jaribio lililochapishwa katika jarida la Nature mwaka 1997 lilionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa na umakini kwa kiwango sawa na aliyekunywa pombe hadi kufikia asilimia 0.05 katika damu. Mimi siku hiyo nilikuwa nimepita saa 20.

Kosa langu kubwa lilikuwa kahawa ya alfajiri. Tukiwa macho, ubongo hukusanya kemikali iitwayo adenosini, ambayo ndiyo hutufanya tuhisi usingizi. Kafeini huziba tu sehemu ambazo kemikali hiyo hushikia, wala haiiondoi. Kwa watu wengi huchukua takriban saa tano kwa nusu ya kafeini kuondoka mwilini, kwa hiyo kikombe cha saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nikilala nacho saa tatu asubuhi, halafu najiuliza kwa nini nalala kwa muda wa saa sita na kuamka kama sikulala. Sasa nakunywa kahawa katika nusu ya kwanza ya zamu tu, nimetundika mapazia mazito, na kabla ya kushika usukani nalala dakika 20 kwenye kiti cha gari. Nikizidisha hapo naamka nikiwa mzito zaidi.

Mchangiaji wa tatu

Tafadhali msisahau kupima. Kwa karibu mwaka mzima nilijiambia kwamba ni kazi na watoto, huku nikihema nikipanda ngazi za ghorofa moja na nikitafuna barafu kutwa. Hamu hiyo ya barafu, ambayo sisi nyumbani tuliifanya mzaha, ni moja ya dalili zinazojulikana za upungufu wa madini ya chuma. Himoglobini yangu, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, ilikuwa gramu 8.1 kwa desilita, ilhali kwa mwanamke asiye mjamzito ikishuka chini ya 12 huhesabiwa kuwa upungufu wa damu. Chanzo kilikuwa hedhi nzito, ambayo nayo nilikuwa nimeizoea. Hakuna likizo ambayo ingeniponya. Nilitumia vidonge vya madini ya chuma, na daktari alisisitiza niendelee navyo miezi mitatu baada ya damu kufika kiwango chake, ili akiba ya mwili nayo ijae. Tezi ya shingo, kisukari na kukatika kwa pumzi usingizini navyo huchosha kwa namna hiyohiyo.

Mchangiaji wa nne

Nilimuuguza baba kwa miaka miwili. Dalili yangu ya kwanza ilikuwa hasira kwa mgonjwa asiye na kosa, na aibu iliyofuata ilinifanya nijibidiishe zaidi, hivyo nikazidi kuchoka. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone: mdogo wangu alikuja kwa siku tatu tu, akanikuta nikilia bafuni, akapiga simu kwa ndugu wote usiku uleule na kupanga zamu. Nilikuwa nikidhani kwamba hawataki kusaidia, kumbe kila nilipoulizwa nilijibu kwamba mambo ni mazuri.

Mchangiaji wa tano

Mimi nina kazi mbili na hakuna ninayoweza kuiacha, kwa hiyo baadhi ya ushauri huu nausoma kwa mbali. Nilichoweza ni kuacha kutazama simu katika nusu saa ya safari kati ya kazi ya kwanza na ya pili. Nakaa tu nikiangalia nje. Sijapona, ila jioni siwafokei watu.

Mwanzishaji mada

Asanteni sana. Mchangiaji wa tatu, nami huhema kwenye ngazi na nilikuwa nikisingizia unene; nimepanga kupima damu Jumatatu na nitarudi na majibu. Mwanangu nimempa ruhusa ya kunikumbusha ninapomkatiza, na jana alinikumbusha mara mbili.