Naomba ushauri: wakala wangu wa akili mnemba anachanganya zana za kupima usalama

Wakuu, habari za jioni. Niko Mwanga, hapa Kigoma. Nimepewa ruhusa ya maandishi kupima usalama wa mfumo wa saccos moja, nikaunda wakala wa akili mnemba wa kunisaidia. Nimempa zana mbili: moja inaendesha programu ya Nmap kuangalia poti (milango ya mtandao ya seva) zilizo wazi, nyingine inapima ukurasa wa kuingilia kwenye tovuti.

Kwenye maelezo ambayo wakala husoma ili achague zana, zote mbili niliziandikia "hukagua seva". Basi akawa anazichanganya. Nmap kwa kawaida huangalia poti 1,000 zinazotumika zaidi. Yeye aliagiza zote 65,535, mtandao ukaelemewa watu wakiwa kazini.

Nimeandika upya: "Tumia kutafuta poti zilizo wazi kwenye seva moja. Usitumie kupima nywila." Hapo ametulia.

Kinachoninyima usingizi ni majibu. Muda ukiisha kabla zana haijamaliza, inarudisha orodha tupu, naye anaandika kwenye ripoti kwamba seva iko salama! Hiyo ni hatari, maana kuna akiba za watu mle. Je, nimwonye kwenye maelezo, au zana yenyewe irudishe "imeshindikana" pamoja na sababu? Naona la pili ndilo bora, ila sina uzoefu. Mipaka ya anwani anazoruhusiwa kupima tayari nimeifunga kwenye msimbo wa programu. Maneno pekee siyaamini.

Na mifano ya matumizi, mnaweka mingapi kwa kila zana? Mwenye maelezo yanayomfanyia kazi anibandikie hapa, nitashukuru sana.