Kampaundi yangu inaishinda acarbose mara mia. Nishangilie au niogope?

Kisima_H12:
Wakuu, habari za kazi. Nina jambo limeninyima usingizi siku tatu. Napima vizuizi vya alfa-glukosidesi ya hamira, kimeng'enya kinachokata sukari, kwenye sahani ya visima 96. Sabstreti ni pNPG: kimeng'enya kikiikata, nitrofenoli inaachiwa, kisima kinageuka manjano, nami nasoma kwenye nanomita 405. Acarbose, dawa yenyewe ya kisukari, imenipa IC50 (kiwango kinachopunguza kazi ya kimeng'enya kwa nusu; kidogo ndicho chenye nguvu) ya maikromola 700 hivi. Kampaundi yangu imetoa 6! Msimamizi ameshaanza kuzungumzia makala. Ila jana niliongeza kimeng'enya mara 5, ile 6 ikaruka hadi 40. Acarbose haikutikisika. Nimebadilisha hadi pipeti, yale yale. Nimekosea wapi?

BafaKwanza:
Ulipoongeza kimeng'enya ulipunguza muda? Kama sabstreti iliisha katikati, namba zote ni takataka. Halafu pH. Kwenye 6.8 ni karibu theluthi tu ya nitrofenoli inayoonyesha manjano, iliyobaki ipo lakini huioni. Malizia na sodiamu kaboneti: inazima kimeng'enya na kuitoa rangi yote kwa mpigo. Vinginevyo labda kampaundi yako inang'ang'ania kimeng'enya kwa nguvu sana.

Kisima_H12:
Muda nilipunguza, dakika 4 badala ya 20. Kaboneti natumia.

MamaSpektro:
Mwanangu, hiyo makala iache kwanza.

Acarbose ni dhaifu kwa kimeng'enya cha hamira. Kazi yake ni vimeng'enya vya utumbo wetu, na huko ni moto. Kujisifu umeishinda kwenye hamira ni kama kumshinda mwogeleaji mbio za nchi kavu. Nimesoma makala nyingi mno zenye sifa hiyo.

La kung'ang'ania silikubali. Ingekuwa hivyo, IC50 ingekaribiana na kiasi cha kimeng'enya kisimani, nacho ni nanomola chache. Wewe uko kwenye maikromola 6. Nadhani kampaundi yako haiyeyuki vizuri, inajikusanya vidonge vidogo mno kuonekana, na vidonge hivyo vinanasa kimeng'enya juu yake. Ukiongeza kimeng'enya, vidonge vinajaa, kinachobaki kinaendelea na kazi. Ndiyo maana namba imeruka.

Yalinikuta. Nilishasimama mbele ya watu mara mbili kuisifu kampaundi yangu, kisha fundi wetu wa maabara akauliza kwa upole kama bafa, ule myeyusho wa kushikilia pH, ina sabuni. Haikuwa nayo.

Rudia ukiwa na Triton X-100, sabuni ya maabara inayovunja vidonge hivyo, asilimia 0.01, visima vyote pamoja na vya kulinganishia. Changanya taratibu, povu likikaa juu ya kisima mashine itakusomea povu. Na leo hii, kabla ya kufunga maabara, weka myeyusho wako wenye nguvu kwenye kyuveti (kichupa angavu cha kupimia), zima taa, pitisha mwanga wa leza pembeni. Ukiona mstari umesimama ndani ya maji, unacho unachokitafuta.

Kisima_H12:
Mama, mstari niliuona jana usiku, mweupe kabisa. Leo na Triton, IC50 imepita 200. Acarbose pale pale. Msimamizi amenuna, ila namba 14 katika mfululizo huohuo, ambayo tulikuwa tumeidharau, ina 85 bila Triton na 83 ikiwa nayo. Nikiongeza kimeng'enya haisogei.

BafaKwanza:
Hiyo ndiyo ya kuipima na kimeng'enya cha utumbo wa panya.

MamaSpektro:
Namba 14 ina rangi gani?

Kisima_H12:
Manjano.

MamaSpektro:
Umetoa blanki ya kila kiwango, kampaundi bila kimeng'enya?

Kisima_H12:
… Nilitumia blanki moja ya bafa.

MamaSpektro:
Basi manjano yake inahesabiwa kama kazi ya kimeng'enya, na huenda inazuia kuliko unavyodhani. Kapime tena.