Wakuu, HER2 ya mzee ilikuwa 3+, baada ya kemo inasoma 1+. Maabara ipi imechemka?

Mwana_wa_Mwisho: Habari za usiku wakuu, nina stresi balaa. Mzee ana kansa ya tumbo, biopsi ya kwanza HER2 (ile protini kwenye seli za kansa, inasomwa 0 mpaka 3+) ilisoma 3+, kapiga kemo, juzi wamemrudisha endoskopi wakanyofoa nyama nyingine inasoma 1+. Nani kakosea? Nijibuni haraka kuna hela inahusika.

Bi_Kidawa: Pole mwanangu. Mamdogo wangu alianza hivyohivyo tukadhani vidonda vya tumbo, tunamnunulia magnesiamu tu, kuja kushtuka hata uji haupiti. Vijana kapimeni H. pylori, wale bakteria wa tumboni.

Kachumbari: Kuona 3+ nikajua mkeka 😂 pole mkuu

Mtu_wa_Maabara: Si lazima kuna aliyekosea. Uvimbe wa tumbo seli zake zimechanganyika, hapa HER2 imejaa, pembeni kidogo hamna kitu, ndo maana wanachukua vipande kadhaa. Halafu dawa inayolenga HER2 inamaliza seli zenye nayo, zinabaki zisizo nayo. Kemo ilichanganywa na dawa hiyo, Herceptin?

Mwana_wa_Mwisho: Kemo ya kawaida tu mkuu.

Mtu_wa_Maabara: Taja dawa.

Mwana_wa_Mwisho: Kapesitabini, sisplatini... na Herceptin ilikuwepo. Uvimbe ulinywea ukaanza kukua tena. Sasa nimeshauza pikipiki, nimenunua chupa mbili za Herceptin kwa jamaa anayeleta mizigo toka India, zipo kwenye friji hapa home. Mimi naamini ile karatasi ya kwanza.

Mtu_wa_Maabara: Ya kwanza inasema uvimbe wa wakati ule. Dawa imeshagoma na HER2 imeshuka, unairudia ya nini? Biopsi inarudiwa ili daktari ajue ahamie wapi. Na hiyo inatunzwa nyuzi 2 mpaka 8, haitakiwi kuganda, umeme ukikatika je?

Mwana_wa_Mwisho: Nimeweka mbali na freeza, chini kwenye mchicha.

Sungusungu: Ngoja kwanza. Huyu si alichangiwa humu msiba wa baba yake? Leo mzee kafufuka na chupa mbili juu. Msimfuate PM.

Mwana_wa_Mwisho: Yule baba mkubwa! Na nani kasema nauza?

Kachumbari: Moja bei gani?

Mtu_wa_Maabara: Kama ni kweli, peleka karatasi zote mbili kwa daktari wake na umwambie kuhusu chupa. Asichomwe mtu nyumbani.

Mwana_wa_Mwisho: Nesi wa mtaani nimeshampa advansi, anakuja Jumamosi.

Sungusungu: Piga picha chupa, namba ya bechi ionekane.

Mwana_wa_Mwisho: Nikipiga mtasema ya Google.