Mjadala: Wanyama wanaotoweka tuwaklonishe, au tuwaache waende zao?

Mleta Hoja: Wakuu, salaam. Faru weupe wa kaskazini wamebaki wawili dunia nzima, Najin na bintiye Fatu, wote majike, wako hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya. Dume wa mwisho, Sudan, alikufa Machi 2018. Baharini kuna vakita, kinyama wa jamii ya pomboo anayepatikana Ghuba ya California tu, kule Mexico. Wanakisiwa kuwa kama 10. Na kloni, yaani kumzalisha mnyama kutokana na seli ya mnyama mmoja tu, bila baba, si habari ya leo, kondoo Dolly alizaliwa 1996. Je, tukae tunaangalia mpaka wa mwisho aoze, ilhali seli zao tunaweza kuzigandisha na kuwarudisha? Au huko ni kujitia Uungu? Hoja tafadhali, matusi wekeni akiba. Nawasilisha.

Nahodha Mstaafu: Vakita hafi kwa kukosa ndugu, bwana. Anafia kwenye jarife. Wenye nyavu wanamtega samaki aitwaye totoaba, wanataka bondo lake, kile kifuko cha hewa cha tumboni, lipelekwe China, na vakita ananasa humo humo. Anapumua hewa kama mimi na wewe, akikwama chini dakika chache amekwisha. Sasa umklonishe, umrudishe kwenye maji yale yale yenye nyavu zile zile? Huko ni kuteka maji kwa pakacha.

Mpenda Asili: Naunga mkono. Isitoshe, kloni si mnyama wa kweli. Ni fotokopi tu. Dolly mwenyewe alizeeka kama bibi kizee akiwa na miaka 6, akafa. Asili haidanganywi. Na ukweli usemwe, wavuvi ndio wauaji wakubwa wa bahari, tusiwalembe.

Bint Maabara: Mleta Hoja, umechanganya mambo mawili. Kinachofanywa kwa faru wa Ol Pejeta si kloni. Mayai ya Fatu yanarutubishwa maabara kule Italia kwa mbegu zilizogandishwa za madume waliokwisha kufa, kisha kiinitete, yaani mimba changa kabisa, kinapandikizwa kwa faru weupe wa kusini. Baba yupo, mama yupo.

Mkitaka mfano wa kloni iliyosaidia, tazameni kicheche wa miguu myeusi, Marekani. Wote waliopo wametokana na vicheche 7 tu, damu imekaribiana mno. Kulikuwa na jike mwingine, Willa, alikufa 1988 bila kuacha uzao unaoendelea, lakini seli zake ziligandishwa. Desemba 2020 kloni yake ikazaliwa, Elizabeth Ann. Huyo hakufanikiwa kuzaa, ila mwenzake wa seli zile zile, Antonia, alizaa 2024. Hiyo ni damu mpya iliyotoka kwenye friza. Nijibuni hilo.

Mama Pacha: Samahani, nirudi kwa Mpenda Asili. Nina mapacha wa kufanana, wametoka yai moja, jeni zao ni zile zile. Kwa hesabu yako, mmoja ni fotokopi. Nitajie basi yupi, nimpunguzie chakula.

Mpenda Asili: Dada yangu, usinilishe maneno. Nimesema wanyama.

Mama Pacha: Mimi si dada yako. Na sababu uliyotoa ya mnyama kuwa fotokopi ni jeni kufanana. Hiyo sababu inapita sebuleni kwangu.

Daktari wa Ng'ombe: Kuhusu Dolly, hilo limerudiwa mpaka limekuwa hadithi. Alikuwa na baridi yabisi, kweli, lakini alilazwa usingizi wa mwisho Februari 2003 kwa uvimbe wa mapafu unaoletwa na virusi vya kondoo. Ungempata kondoo yeyote aliyefugwa ndani kama yeye. Ndugu zake wanne, kloni za seli zile zile, walipimwa uzeeni, matokeo yakatoka 2016: walikuwa wanazeeka kama kondoo wengine tu.

Mimi linalonitisha ni jingine. Dolly alipatikana baada ya majaribio 277. Na ndama wa kloni mara nyingi hukua kupita kiasi tumboni. Mliowahi kumzalisha ng'ombe aliyekwamiwa mnaelewa. Unalala ubavu kwenye tope, mkono umezama hadi begani, unapapasa kamba ifike juu ya kwato, na kila mama anaposukuma mfupa wa nyonga unakubana mpaka vidole vinakufa ganzi. Huyo ni ng'ombe, wapo mamilioni. Sasa niambieni, pomboo wa kubebeshwa hiyo mimba atatoka wapi, na nani atamzalisha akikwamiwa?

Nahodha Mstaafu: Mpenda Asili, nimekaa nalitafuna hilo neno "wauaji". Siku moja tulivuta wavu alfajiri, tukamkuta kasa amejisokota, shingo imevimba. Nilikata wavu wangu mwenyewe kwa kisu, wavu ambao sijamaliza deni lake. Alipoachiwa akatoa pumzi moja nzito usoni mwangu, ina harufu ya mwani uliooza, akazama. Wenzangu walinicheka wiki nzima. Wewe umemtoa kasa gani, mkuu?

Mpenda Asili: Mmoja mwema hafuti maelfu.

Nahodha Mstaafu: Na wachache waovu je, wanatuchafua sote? Meli kubwa zinakokota nyavu zinakwangua sakafu ya bahari, huzitaji. Unamtaja mwenye dau.

Kijiwe Huru: Mbona mnagombana wakati wazungu wameshamaliza kazi? 2025 wamefufua mbwamwitu wa kale aliyetoweka zaidi ya miaka elfu kumi. Faru watashindwaje?

Bint Maabara: Hawakufufua. Walichukua seli za mbwamwitu wa kijivu wa leo, wakahariri jeni sehemu 20. Ni mbwamwitu wa kijivu aliyevalishwa joho la babu. Na bado HAKUNA aliyenijibu kuhusu kicheche.

Kijiwe Huru: Kicheche ananuka.

Sheikh Mtaratibu: Ndugu zangu, swali langu ni dogo. Hiyo kloni, roho inatoka wapi?

Mama Pacha: Panapotoka ya pacha wa pili, ustadhi. Au waligawana moja?

Sheikh Mtaratibu: Mama, sikukukusudia wewe. Allah awakuze.

Daktari wa Ng'ombe: Bint, nakujibu. Kicheche amefaulu kwa sababu yupo jamaa yake wa karibu anayefugika wa kumbebea mimba, na makazi aliandaliwa. Vakita hana hata kimoja. Mwaka 2017 walijaribu kuwakamata ili wawahifadhi, jike mmoja akawafia mikononi, zoezi likasimamishwa. Na jeni zao zilipochunguzwa, ikaonekana bado wanaweza kuongezeka wenyewe nyavu zikiondoka. Nahodha kasema tangu mwanzo.

Nahodha Mstaafu: Asante daktari. Na mimi sijaitwa muuaji na wewe.

Bint Maabara: Kwa vakita nakubali. Kwa kicheche nimeshinda. Na kwa faida ya Mpenda Asili: paka wa kwanza wa kloni alizaliwa Texas, Desemba 2001. Mama wa jeni alikuwa wa rangi tatu, mtoto akatoka bila hata unyoya mmoja wa rangi ya chungwa. Hata fotokopi yenyewe haikutoka fotokopi.

Mama Pacha: Ahsante! Wangu mmoja anaandika kwa mkono wa kushoto, mwenzake wa kulia. Mmoja analala giza, mwingine hataki taa izimwe. Nawafunika na shuka moja kila usiku, asubuhi nakuta limeviringwa upande mmoja.

Mleta Hoja: Jamani, turudi kwa faru. Najin na Fatu hawazidi kuwa vijana.

Mama Pacha: Faru wasubiri kidogo. Kwanza Mpenda Asili afute lile neno.

Mpenda Asili: Haya. Nafuta "fotokopi". Naandika "nakala".

Mama Pacha: NAKALA?