Naomba ushauri: kundi la wakulima wa zabibu limegeuka jukwaa la kampeni

Habari zenu wakuu. Mimi ni admini wa kundi la WhatsApp la wakulima wa zabibu huku Hombolo, Dodoma. Tulilianzisha kwa ajili ya bei, dawa na magari ya kusomba mzigo. Kampeni za urais zilipoanza, zabibu zikasahaulika. Asubuhi nakuta picha za mgombea, mchana matusi, usiku "matokeo" ya kura ambazo hata hazijapigwa!

Matusi nayavumilia, ni watani. Kinachonikosesha usingizi ni hizo habari za uongo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inataja faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3, au vyote. Na matokeo ya urais hutangazwa na Tume tu.

Nikifunga ili maadmini pekee waandike, mwenye mzigo shambani atamuulizaje mnunuzi? Nikimtoa mzee mmoja (ndiye kinara wa kusambaza, na ni baba mkwe wangu), nyumbani pataeleweka kweli?

Waliowahi kuendesha makundi ya namna hii 2020 mlifanyaje? Na admini anabanwa kwa alichotuma mwanakikundi?