Mgeni katoka kuzamia Zanzibar, kesho anataka kuanza Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Imekaaje?

mtu_wa_geti: Wakuu habari za saa hizi. Nina mgeni anatua uwanja wa ndege wa KIA leo jioni akitokea Zanzibar, kumbe alikuwa Nungwi anazamia na mitungi wiki nzima na leo asubuhi kazamia tena! Kesho saa tatu tunatakiwa tuwe geti la Machame. Ofisini wananiambia nenda tu, oksijeni ipo na lile begi la kupampu presha la kumfungia mtu akizidiwa na mlima lipo, likitokea la kutokea tunamfungia humo. Mnasemaje?

nesi wa chuga: Usimpeleke kaka. Hiyo ndege yenyewe kapanda mapema, aliyezamia siku mfululizo anashauriwa akae angalau masaa 18 kabla ya kuruka. Akiwa chini ya maji naitrojeni ya mtungi inaingia mwilini, presha ikishuka haraka inatoka mapovu kama soda ukiifungua, yanakaa kwenye viungo, uti wa mgongo, hata ubongo. Na ndani ya ndege presha ni kama uko mita 2,400 hivi, kampi ya Machame ni karibu 3,000, na ndo siku ya kwanza tu. Mimi ningesubiri masaa 24 yapite bila dalili, 48 ndo ningelala usingizi. Muulize leo leo kama ana ganzi au viungo vinauma, maana akifika juu akasema kichwa na uchovu utajuaje ni ugonjwa wa mlima au ni mapovu?

Mgumu Mstaafu: Na hilo begi ofisi wasikudanganye. Linaongeza presha kidogo sana, ukimfungia mtu kampi ya Barafu kule mita 4,600 anakuwa kama kashuka mpaka 2,800 hivi, yaani hata Moshi mjini hajafika!! Mzamiaji anatakiwa chemba yenyewe ya hospitali, anakandamizwa presha ya mita 18 chini ya maji huku anavuta oksijeni tupu, karibu masaa matano. Hata huyo aliyezidiwa na mlima begi ni la kununua muda tu, mnapampu kwa zamu bila kuacha asije akakosa hewa humo ndani, akipata nguvu mnamshusha.

dada_safari: Sie wateja wetu ni mlima kwanza bahari baadae, ofisi zingine sijui zinapangaje ratiba

mtu_wa_geti: Asanteni sana. Nimempigia, hana dalili yoyote, tumesogeza siku mbili. Kesho nampeleka chemchemi ya Chemka akaogelee, huko si juu

nesi wa chuga: Sawa ila mtungi auache hotelini 😂